Mchoro wa ukutani unasema hivi, klaudi inasema vile: miezi minne nawinda drifti

Wakuu habari za uko. Mi niko Mbeya, ofisi yetu iko ghorofani maeneo ya Soweto, chini wanauza vipuri vya bajaji na nyuma kuna mama wa chai na vitumbua. Tuko watano tu. Tunaendesha mfumo wa mizani na malipo ya kahawa, wateja wetu ni AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za Mbozi na chache za Rungwe, yani karani anapima, anaingiza kilo kwenye simu, mkulima anapata meseji yake, alafu malipo yakifika hesabu zinatoka pale pale. Seva ziko AWS, yani klaudi ya Amazon, kompyuta za kukodi kupitia intaneti, kanda ya Cape Town ile iliyofunguliwa 2020. Naanza na hivi ili mjue hii rivyu ya programu za kugundua mfumo umeachana na mchoro wake ni ya mtu wa ofisi ndogo, kama wewe uko benki mna timu nzima ya klaudi mengine humu yatakuchekesha.

Ilianza hivi. Mwezi wa sita mwaka jana, baridi ile ya kukaa na koti ndani ya ofisi, mteja mmoja akatuletea fomu ya usalama, anataka mchoro wa mfumo na maelezo ya nani anaweza kuifikia databesi. Nikasema hamna shida, mchoro tunao. Na kweli tulikua nao, tuliuchora kwenye draw.io, tukauprinti A3, tukautia plastiki pale Kabwe, umebandikwa ukutani juu ya ndoo ya maji ya kunywa, mzuri kweli kweli una rangi na mishale. Unaonyesha seva ya databesi imekaa ndani kabisa haiguswi na intaneti. Sasa kabla sijasaini nikasema ngoja niingie konsoli (ukurasa wa AWS wa kuendeshea seva) nihakikishe tu, na hapo ndo nikaishiwa nguvu: seva ya databesi ina IP ya nje (anwani inayoonekana kutoka intaneti), na poti 5432, yani mlango wa databesi, iko wazi kwa 0.0.0.0/0, yani mtu yeyote duniani anaweza kuja kugonga mlango.

Nikauliza ofisini nani kafungua, kila mtu anamwangalia mwenzake. Nikaenda CloudTrail, daftari la AWS la nani kafanya nini, maana ile ya bure inakutunzia historia ya mabadiliko siku 90, nikatafuta weee hamna kitu, kumbe ilifunguliwa zamani zaidi ya hapo. Na hata ningeipata isingenisaidia sana sababu wote watano tulikua tunaingia na jina moja, admin. Hilo kosa ni letu simsingizii mtu. Baadae mmoja wetu akakumbuka kwamba kuna usiku alikua nyumbani kwake Uyole, mteja anapiga simu, akafungua poti "kwa dakika kumi tu" arekebishe kitu. Hizo dakika kumi zilikaa miezi.

Huu ugonjwa wenyewe una jina, wanaita drifti, yani ulichopanga na kilichopo vinaachana taratibu bila kelele, kama vile ukuta wa jirani unavyosogea kila akikarabati. Kwaiyo nikaanza kutafuta dawa na hapa chini ndo nilichojaribu kwa miezi minne.

Ya kulipia, ile inayochora yenyewe

Jina siitaji maana tulimalizana vibaya. Ziko nyingi za aina hii na zinafanana sana, unaiunganisha na akaunti yako ya AWS kwa ruhusa ya kusoma tu, inazunguka inakusanya vilivyopo, alafu inakuchorea. Siku ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Ndani ya dakika chache nina mchoro wa kila kitu, seva, fayawoli (ukuta wa kuzuia wasiotakiwa), lodi balansa (inayogawa kazi kwa seva), na kuna sehemu unachagua tarehe mbili inakuonyesha tofauti, kilichoongezeka kijani, kilichoondoka chekundu, kilichobadilika njano. Nikamwita Mzee, bosi wetu, tunamwita Mzee ingawa hajafika hata hamsini.

"Shikamoo Mzee, njoo uone."

"Marahaba. Hiyo ndo ya dola kila mwezi?"

"Ndiyo Mzee, ila angalia hapa, hii nyekundu ni..."

"Nimeona rangi. Nani anaangalia hizo rangi kila siku?"

Niliona ananikatisha tamaa, ila wiki ya tatu nikaelewa. Hakuna aliyeangalia. Mchoro upo, tofauti ipo, lakini lazima ufungue ukurasa, uchague tarehe, ukodolee macho vibox sitini vilivyosogea. Na kusogea kwenyewe ni tatizo la aina yake, maana programu inapanga vibox yenyewe, ukiongeza kimoja basi vyote vinahama, jicho linachoka kutafuta kipi kimebadilika kweli na kipi kimepisha tu mwenzake njia.

Alafu kuna hili la ruhusa na naomba mlisome vizuri. Watu wakisikia "ya kusoma tu" wanapumua, wanabandika ile ruhusa ya AWS inayoitwa ReadOnlyAccess wanaendelea na maisha. Ile ruhusa inasoma hadi yaliyomo ndani ya mafaili yako ya S3 (stoo ya mafaili ya AWS), sio majina ya bakiti (makabati yake) tu. Sisi kwenye S3 tuna orodha za wakulima, majina, namba za simu, kilo walizouza. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi Tanzania, sasa unamwelezaje mkulima wa Vwawa kwamba namba yake ilisomeka na kampuni ya uchoraji? Kama utatumia huduma ya hivi mpe ViewOnlyAccess au SecurityAudit, au kaa chini uandike ruhusa yako mwenyewe kitu kwa kitu, mchoro hauhitaji kujua mkulima kauza kilo ngapi.

Tulichogombania ni malipo. Kadi ilikataa mwezi mmoja, tukachelewa kulipa siku kadhaa, tuliporudi historia yote ya tofauti imefutwa tumeanzishwa upya. Niliwaandikia, jibu lilikuja siku ya tatu na lilikua la kunakili na kubandika. Nikafunga akaunti. Nyota mbili, na hizo ni za uzuri wa macho.

Terraform peke yake, ambayo wengi tunayo na hatuitumii vizuri

Hapa ndo nataka nikae kidogo. Sisi miundombinu yetu mingi tumeiandika kwenye Terraform, yani unaandika kodi (sio ile ya TRA) kwamba nataka seva ya aina hii, fayawoli ya hivi, alafu yenyewe inaenda kuumba. Inatunza kumbukumbu kwenye faili linaloitwa steti. Kwaiyo kuna pande tatu: kodi inasemaje, steti inakumbuka nini, na klaudi yenyewe ina nini. Drifti ni pale hizo tatu zikigombana.

Kuna amri moja, `terraform plan -refresh-only`, ipo tangu 2021. Haibadilishi kitu, inaenda tu klaudi, inalinganisha na steti, inakwambia "hiki kimebadilika nje ya Terraform". Nilipoipiga mara ya kwanza ilitoka ndefu kama risiti ya supamaketi, poti ile ya Uyole ikiwemo.

Kilichonifumbua macho zaidi ni tukio la mwezi wa nane. Siku ya malipo wakulima wanaulizia salio kwa pamoja, seva ikalemewa, kijana wetu mmoja akaingia konsoli kwa mkono akaipandisha saizi. Safi, mambo yakapoa, watu wakalipwa, hakuna aliyeandika popote. Wiki mbili baadae mwingine anaongeza kitu kidogo kisichohusiana kabisa, akapiga `apply` (amri ya kutekeleza) bila kusoma plan (orodha ya kitakachobadilika). Terraform ikaona kodi inasema seva ndogo, klaudi ina kubwa, basi ikairudisha kama ilivyoandikwa, ikaizima ikaiwasha ikiwa ndogo, saa nne asubuhi ya siku ya kazi. Simu zilizoingia sisemi. Jioni ile mabishano yalikua "kaka mi nilijua ushaweka kwenye kodi" na "mi nilijua wewe ndo utaweka".

Mnaona hatari iko wapi? Watu wanadhani drifti ni uchafu tu wa mtu kugusa asichotakiwa. Mara nyingine drifti ndo iliyowaokoa, na ndo hiyo itakayofutwa na mtu asiyejua. Kwaiyo kila ukiipata lazima uamue, narudisha kama kodi inavyosema au naibadili kodi ifanane na hali halisi. Na hapa wengi wanajikwaa: ukipiga `apply -refresh-only` ile inasasisha steti tu, kodi yako inabaki vile vile, plan inayofuata itataka kukurudisha kule kule. Kodi uirekebishe kwa mkono wako.

Sasa tumeiweka ijiendeshe yenyewe kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Unapiga `terraform plan -detailed-exitcode`, ikirudi 0 maana yake hamna tofauti, 1 kuna kosa, 2 kuna tofauti. Ikirudi 2 boti inatupa meseji kwenye grupu letu la Telegram na majina ya vilivyobadilika. Swali la Mzee la nani anaangalia rangi likapata jibu, hakuna haja ya kuangalia, meseji inakukuta unakunywa chai.

Mwanzoni zile meseji zilikua kero. Kila asubuhi inalalamika kuhusu kundi la seva linalojiongeza na kujipunguza lenyewe, jana mbili leo tatu, na hiyo sio drifti hiyo ni kazi yake. Siku ya nne watu wakaliziba grupu. Dawa ni kwenye kodi, kuna kipengele `ignore_changes` unaandika idadi hii usiifuatilie. Fanya hivyo mapema kabla watu hawajaizoea kelele, maana mtu akishazoea kupuuza meseji hata ile ya poti 5432 ataipuuza. Ila usiwe na mkono mwepesi, nimeshaona mtu kaweka `ignore_changes = all` ili apumzike, hapo bora hata usingefunga.

Upungufu wake mkubwa: Terraform inajua ilichokizaa tu. Kitu alichoumba mtu kwa mkono konsoli, hakijawahi kuingia steti, kwake hakipo. Dogo wa fildi aliwasha seva ya majaribio Ireland akasahau, Terraform yetu inaangalia Cape Town, kila asubuhi inatupa sifuri, kila kitu kiko sawa, huku bili inapanda. Bili yenyewe ndo ilituamsha. Hadi IP za nje siku hizi zinalipiwa zote, tangu Februari 2024 ni dola 0.005 kwa saa kwa kila IPv4, kama dola tatu na senti sitini kwa mwezi, ndogo ukiitazama moja, ila tulikua nazo sita zinazurura.

Wale wa CloudFormation (ya AWS wenyewe, kazi kama Terraform) nanyi mnayo ya kwenu ya kupima drifti tangu 2018, na ina ugonjwa huo huo, inaangalia vilivyo ndani ya staki (kundi la vitu ulivyoviumba nayo) tu, tena zile sifa ulizoziandika mwenyewe, zile ulizoacha ziwe za kawaida haizigusi. Na kwa anayeogopa mambo ya leseni baada ya HashiCorp, wenye Terraform, kuibadili 2023, kuna OpenTofu, nakala yake huria, amri ni zile zile.

Terraform naipa nyota nne. Ile moja ni ya Ireland.

driftctl

Hii nilielekezwa na jamaa mmoja wa Iringa. Ni programu ya bure inayofanya lile ambalo Terraform haiwezi, inaenda klaudi inaorodhesha vilivyopo, inachukua steti yako, inavitenganisha: hivi vinasimamiwa, hivi havina mwenyewe. Mwisho inakupa asilimia. Ya kwetu mara ya kwanza ilikuja chini ya sitini, nilinyamaza dakika nzima. Nilijua tuna vitu viwili vitatu vya mkono, sikujua karibu nusu ya nyumba haiko kwenye ramani.

Kati ya vile visivyo na mwenyewe kulikua na fayawoli za zamani, diski zilizoachwa baada ya seva kufutwa, na mtumiaji mmoja mwenye funguo ambaye aliacha kazi kitambo. Huyo wa mwisho peke yake anatosha kuifanya iwe na thamani. Mchoro wetu wa ukutani una mishale na rangi lakini hauna mahali pa kuchora mtu aliyeondoka na ufunguo mfukoni.

Ila sasa kabla hamjakimbilia. driftctl ilinunuliwa na Snyk 2021 na tangu katikati ya 2023 iko kwenye hali ya matengenezo tu, maana yake hawaongezi kitu kipya. AWS haisubiri, inatoa huduma mpya kila siku, kwaiyo usichukue ile asilimia kama kiapo, vitu vya kisasa vinaweza kupita pembeni isivione. Na kanda pia, inaskani ile uliyoiambia, mi nairudia kwa kila kanda iliyo wazi kwenye akaunti, inachosha lakini ndo nilivyoipata ile seva ya Ireland na ndugu yake mmoja Virginia. Tulichofanya baadae, tumezifungia kanda zote tusizozitumia kwenye ruhusa za watu, dogo mwingine akija akitaka kuwasha kitu Ireland atakataliwa.

Naipiga mara moja kwa mwezi, kama kupima presha. Nyota tatu na nusu, ingekua bado inalelewa ningeipa zote.

Na mchoro je?

Maana mteja bado anataka mchoro, fomu yake haijui mambo ya steti. Nilijaribu kuendelea na draw.io tukiliweka faili lake kwenye Git (inatunza kila badiliko la faili) ili tuone mabadiliko. Programu nzuri, ya bure, inafanya kazi hata intaneti ikikata, na Mbeya mvua za Machi zikishuka hilo sio jambo dogo. Lakini faili ni XML, yani maandishi ya kompyuta, ukisogeza kibox nywele moja mistari inabadilika, huwezi kujua mwenzako kaongeza seva au kanyoosha mshale. Alafu kwenye vipengele vya faili uzime kubana (compression), la sivyo Git inaona ugali tu.

Nikahamia maktaba ya Python inaitwa diagrams, unaandika mchoro kama kodi, inatumia Graphviz kupanga. Picha zake nzuri zina nembo za AWS. Tatizo ni lile lile la vibox kuhama ukiongeza kimoja, na pia ielewekeni kwamba hii inachora tu, haijui klaudi yako ina nini, unaweza kuchora ikulu na huko una kibanda.

Tulipotulia ni Mermaid. Ni maandishi, mstari mmoja kwa mshale mmoja, GitHub (tovuti ya kuhifadhi kodi) inauonyesha kama mchoro moja kwa moja tangu 2022. Haupendezi, nawaambia ukweli, Mzee alisema umefanana na ukoo wa mtu uliochorwa kwa haraka msibani. Ila mtu akibadilisha kitu unaona mstari huu umeondoka huu umeingia, nani, lini. Nikaandika skripti fupi inayosoma steti kila asubuhi baada ya ile plan, inaandika upya maandishi ya Mermaid, kama yamebadilika inafungua ombi la kuingiza badiliko hilo, na mtu mwingine lazima aidhinishe. Skripti isome majina na miunganiko tu, isinakili steti nzima, maana steti inahifadhi hadi pasiwedi waziwazi na mkiuweka huo mchoro mahali pa wazi mtakua mmeweka na funguo.

Kwaiyo saivi ukitaka kujua mfumo wetu ulikuaje siku yoyote tangu skripti ianze unafungua tu ya siku ile. Sio kamilifu, vile vya mkono visivyo kwenye steti havionekani, ndo maana driftctl ya kila mwezi bado ipo, kikionekana kitu tunaamua siku hiyo hiyo, kiingizwe kwenye steti kwa `terraform import` au kifutwe, hakuna cha "tutaangalia wiki ijayo". Na kila mtu ana jina lake la kuingilia, admin tumeifungia kabatini.

Gharama nzima ya hii ya sasa ni muda wangu, kama wiki mbili za jioni jioni, plus mashine ndogo inayoendesha zile amri ambayo tulikua nayo tayari. Ukiniuliza kwa ofisi yenye seva mbili na kanda moja mi ningesema anza na ile plan ya asubuhi na majina ya watu, mchoro baadae. Wenye akaunti za AWS kumi na zaidi na hela ipo, za kulipia zinaweza kuwafaa, mradi muulize mapema historia yenu inakaa wapi mkichelewa kulipa.

Ule wa ukutani bado upo juu ya ndoo ya maji. Nimeuandikia kwa maka pen tarehe tuliyouchora, fomu ya mteja nimempelekea ule wa Mermaid, ameniuliza kwa nini hauna rangi.